Mwalimu Yunisi Kitiku na Kona Nne za Bweni la Wasichana

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Yunisi Kitiku atakuwa amefundisha hesabu kwa karibu miaka thelathini na sita katika mkoa wetu wa Singida, na kumi na minane ya mwisho ameitumia hapa hapa Sekondari ya Kilimakati. Siku hiyo atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta, ataagana na wanafunzi mstarini, kisha atapanda gari la shule kurudi kwake Mwankoko. Dereva nitakuwa mimi. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walimu wenye digrii walitazamana, kila mmoja akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Mimi nikanyanyua mkono. Darasani nilikomea kidato cha pili, sifichi, lakini nimeendesha malori mpaka Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, nimevuka mipaka ambayo wengine hapa wanaijua kwa ramani tu, na katika kituo hiki hakuna aliyeona vitu vingi kunizidi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna kitu kilinifanya nisimame mdomo wazi, naomba mnipe heshima ya kuniamini.

Mwalimu Yunisi ni mzaliwa wa Ulemo, mtoto wa wakulima wa uwele na alizeti. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Itigi, mji wa reli, na huko ndiko alikojifunza kwamba hesabu haishindani na treni. Treni ikipita darasa zima lilikuwa dirishani. Mwalimu mwingine angechukua fimbo. Yeye akaenda dirishani pamoja nao, akawauliza zile reli mbili zinakutana wapi, maana alikuwa anafundisha mistari sambamba na alitaka jibu la kwamba hazikutani popote. Mtoto mmoja akasema zinakutana Tabora. Baba yake alikuwa kibarua wa reli na alishamweleza nyumbani kwamba reli zote zinakutana Tabora. Mwalimu Yunisi alimpa nusu ya alama, na mpaka leo akisimulia kisa hicho anasema bado hajui kama alimdhulumu.

Kutoka Itigi alihamia Mkalama, akaolewa na Bwana Leonidas, afisa kilimo mstaarabu aliyepo hapa leo na tai yake, wakalea watoto watatu. Mwaka 2007 akaletwa Kilimakati. Shule ilikuwa na vyumba viwili vya madarasa, ubao uliopakwa masizi ya betri, na haikuwa na mwalimu wa hesabu hata mmoja. Wazee wa hapa wanakumbuka alivyoshuka kwenye basi la kutoka Kiomboi: mkono mmoja begi, mkono mwingine rula ya mbao ndefu kama mti wa kuangulia mapera. Konda alitaka aiweke juu ya basi kwenye keria pamoja na magunia ya vitunguu, akakataa katakata. Aliilipia kiti.

Watu wa zamani wakisema matokeo ya hesabu yalipanda alipokuja, wanasema kweli, na mkuu wa shule atawasomea takwimu zake, mimi simwingilii. Mimi nataka kueleza kitu ambacho takwimu hazina macho ya kukiona.

Mwaka 2016 shule ilipata kompyuta za mitumba kutoka kwa wafadhili, na paneli za umeme wa jua. Wengi wetu tulizionea fahari kama tunavyoonea fahari kabati la vyombo vya wageni: zilifutwa vumbi, zikafunikwa vitambaa, basi. Mwalimu Yunisi alikuwa na miaka hamsini na moja. Akaomba aende mafunzo kazini, akaenda likizo ya Desemba wakati wenzake wako shambani, akarudi na programu ya kuchorea jiometri ndani ya kompyuta. Wiki ile ile akaniita niende kuangalia betri ya sola iliyokuwa inakata moto.

Nilipoingia alikuwa ametandika shuka jeupe ukutani na projekta inaangaza juu yake. Palikuwa na mistari miwili mikubwa imekatana katikati, mmoja umelala, mmoja umesimama, kama barabara mbili kwenye njia panda. Akanieleza kwamba kila nukta kwenye uwanja ule ina namba mbili: ya kwanza inasema umetembea kiasi gani kwa mlalo, ya pili inasema umepanda kiasi gani. Wanaita majira ya nukta. Mimi nikamwambia hilo nalijua, ni kama kumwelekeza mgeni Singida mjini, nenda mitaa mitatu halafu panda miwili. Akacheka, akasema kumbe nimeshamaliza somo la kwanza.

Halafu akaandika mstari kwa hesabu, namna ya ile y na x iliyonifukuza shule, akabonyeza, na mstari ukajitandaza kutoka upande mmoja wa shuka hadi mwingine. Mnyoofu. Hakuna aliyeuchora. Akabadilisha namba moja, mstari ukainuka. Akaibadilisha tena, ukalala. Akaniambia ile namba ndiyo mteremko wake, ndiyo tabia yake, na mistari miwili yenye mteremko mmoja haitagombana wala kukutana mpaka mwisho wa dunia. Kisha akaweka mstari mwingine unaoukata ule wa kwanza kwa kona kamili, kona ya fundi, akanionyesha kwamba ukizidisha mteremko wa huyu kwa mteremko wa yule unapata hasi moja. Akauzungusha mmoja, mwenzake akazunguka naye, namba zikabadilika zote mbili, na jibu likabaki hasi moja. Akaniachia kipanya nizungushe mwenyewe. Nikauzungusha kwa nguvu, kwa hila, kwa kushtukiza, kama mtu anayejaribu kumkamata mwongo. Hasi moja. Hasi moja.

Ndugu zangu, nimeliona Ziwa Tanganyika likichafuka, na nimeona machimbo ya shaba ambayo lori langu kwa chini lilionekana kama mende. Sikuwahi kuona kitu kinachotii hivyo bila mtu kukishurutisha. Betri niliisahau. Alinikumbusha yeye.

Hivyo ndivyo alivyowafundisha watoto wetu. Kitabu kinasema kwa Kiingereza, yeye anafafanua kwa Kiswahili mlango ukishafungwa, halafu anamwachia mtoto kipanya. Hakutaka wakariri kwamba mstatili una pande mbili mbili zilizo sawa na kona nne kamili. Alitaka washike kona moja, waivute, waone mstatili unavyovunjika, kisha wautengeneze upya. Na hakuwaacha ndani. Kila kidato cha tatu kilitoka na futi ya kupimia na vigingi, kikapima vitu vya kweli na kuviingiza kwenye kompyuta. Walipima magoli ya mpira. Walipima zizi la mbuzi la jirani. Walipima banda la kuku la mkuu wa shule, Mwalimu Anselm, wakagundua kwamba banda zima halina kona kamili hata moja, wakaibandika picha yake kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu Anselm akaja, akaitazama kwa muda, akasema kuku wake hawajalalamika na wanataga, kisha akaenda zake. Picha haikubanduliwa.

Sasa niseme jambo lililomkaa moyoni kuliko yote, kwa sababu msipolijua hamtajua kwa nini tunamlilia.

Wasichana wa shule hii walikuwa wanatoka mbali. Wa ng'ambo ya mbuga, masika yakianza, walipanga vyumba vya uswahilini hapa centa, mageto tunayoyajua, mlango wa bati na kufuli ya mia tano. Mwalimu Yunisi alikuwa na mwanafunzi aitwaye Selina. Kwenye kile chumba cha kompyuta Selina hakuwa na mpinzani. Alikuwa akitazama pembe nne anakuambia mteremko wa pande zake kabla mashine haijajibu. Alipofika kidato cha tatu akaanza kukosa siku, kisha wiki, kisha dawati likabaki wazi. Mwalimu alinichukua tukaenda kwao kwa gari la shule. Tulikuta binti ameshatolewa mahari na yuko kwa watu, ana mimba, na mama yake akatuambia kwa upole kabisa kwamba geto lile lilimaliza kazi kabla ya shule kumaliza yake. Tuliporudi, tulipofika geti la shule, akaniambia, "Enock, mimi sistaafu bila bweni."

Tangu hapo kila kikao cha shule kilikuwa na ajenda ya bweni, hata kikao cha maji.

Utaratibu wa kwetu mnaujua. Wananchi wanachimba msingi, wanaleta mawe, mchanga na maji, wanapandisha ukuta kwa nguvu zao, na halmashauri inaleta bati na kumalizia. Lakini mnajua pia kwamba pale pembeni ya uwanja kuna kuta za maabara zilizoota majani, zimesimama bila paa tangu vitongoji viligombana kuhusu nani hakuleta mawe. Mwaka 2022 halmashauri ikasema wazi: mhandisi atakuja kukagua msingi wa bweni, ukiwa sawa paa litakuja, ukiwa na kasoro au ugomvi, fungu linakwenda shule nyingine. Na shule nyingine zilikuwa zinatusubiri tuteleze.

Eneo likatolewa kwenye shamba la alizeti la shule. Kazi ya kuchimba ikagawiwa kama tunavyogawa siku zote, kila kitongoji upande wake. Vitongoji vinne, pande nne, hakuna wa kumtegea mwenzake. Kitongoji cha Majengo kilipewa upande mrefu wa mbali, chini ya mwenyekiti wao Mama Emiliana, mama ambaye akihesabu majembe asubuhi hata waliolala nyumbani wanaamka. Fundi wetu Chediel, aliyejenga nusu ya nyumba za kata hii, akapiga kamba ya upande wa barabarani, akawapa watu vipimo vya pande nyingine, kisha akaitwa msibani Kiomboi. Watu hawakumngoja. Waliobaki walipiga kamba zao, wakachimba kwa nyimbo, na fundi aliporudi alikuta mtaro umekamilika. Akapima kila upande mbele ya watu. Ndefu zilikuwa sawa sawa. Fupi zilikuwa sawa sawa. Akasema kazi ni safi, watu wakapiga vigelegele, na mawe yakaanza kusombwa. Niliyasomba mimi.

Mwalimu Yunisi, kama kawaida yake, akawatoa kidato cha tatu wakapime msingi wa bweni wauingize kwenye kompyuta. Lilikuwa zoezi tu, la furaha. Wakapima pande nne, kisha wakapima kamba mbili za kona kwa kona. Kamba moja ikamzidi mwenzake kwa zaidi ya hatua nzima ya mtu mzima. Wakarudia. Ikazidi tena. Wakaingiza vipimo kwenye mashine, na pale kwenye shuka jeupe bweni likatokea limeinama, kama mzigo uliosogea kwenye lori baada ya kona kali.

Chanzo chake kilikuwa kile kile kilichofanya kazi iende haraka. Upande wa barabarani ulifuata kamba ya fundi. Waliochimba pande fupi walipotafuta mnyoofu wa kuanzia, waliona matuta ya alizeti, yamenyooka vizuri, wakalaza kamba zao juu yake. Lakini matuta yale yalilimwa kukinga maji ya mvua, hayakulimwa kukutana na barabara kwa kona kamili. Yalikwenda mshazari kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Pande zote mbili fupi zikafuata mshazari mmoja, na watu wa Majengo wakaunganisha ncha zao kwa uaminifu mtupu.

Habari ilitoka kabla Mwalimu hajazima projekta, watoto wanakwenda nyumbani bwana, na kesho yake palikuwa moto. Mama Emiliana alisimama juu ya kifusi na kutangaza kwamba upande wa Majengo una mita zake zote, waulizwe wengine. Wengine nao wakasema zao zimetimia, waulizwe Majengo. Mtu mmoja akakumbusha mawe ya maabara, na hapo nikaona watu wanaanza kukusanya majembe yao. Fundi Chediel alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini. Yeye ndiye aliyesema kazi ni safi mbele ya kata nzima.

Mwalimu Yunisi alifika, akawaamkia wazee mmoja mmoja, hakuruka hata yule aliyekuwa anafoka. Angeweza kuwaambia mmekosea, alikuwa na namba. Hakuwaambia. Aliwaomba waje chumba cha kompyuta, wenyeviti wote wanne na fundi, na yeyote anayetaka.

"Mwalimu," fundi akasema, "mimi nimejenga kabla hujahamia hapa."

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe ushike," akamjibu.

Chumba kilijaa mpaka madirishani. Ukutani palikuwa na pembe nne, na Mwalimu alikuwa amezifunga pande zake zisirefuke wala kupungua, kama fimbo nne zilizofungwa ncha kwa ncha kwa mpira. Kona mbili za barabarani hazikuondoka mahali pake. Kona za mbali zilikwenda pamoja, mkono ukizivuta. Katikati zilipita kamba mbili za kona kwa kona, moja nyekundu, moja ya buluu, na kando ya kila moja urefu wake umeandikwa. Akamwekea fundi kipanya mkononi, mkono ule wenye saruji kwenye kucha, akamwambia avute kona mpaka aridhike yeye mwenyewe.

Fundi akavuta. Umbo likalala kushoto. Namba za pande nne hazikubadilika hata moja. Akavuta zaidi, likalala karibu kugusa chini, kama kiti cha kukunja kinapokunjwa, na pande zote bado zilikuwa na mita zake kamili. Nilisikia mtu nyuma yangu akimtaja Mungu taratibu. Kamba nyekundu ikawa ndefu sana, ya buluu ikawa fupi kabisa. Akarudisha. Nyekundu ikashuka, buluu ikapanda, zikakaribiana, zikapitana, akazirudisha tena polepole, ulimi nje ya meno kama mtoto anayeandika. Na pale namba mbili zilipolingana, umbo lilisimama. Hakuna aliyeambiwa kwamba huo ndio mstatili. Kila mtu aliuona.

Fundi Chediel aliachia kipanya, akaangalia kiganja chake.

"Kumbe nyumba inaweza kulala," alisema, "na pande zake zote zikiwa nzima."

Mama Emiliana akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo rohoni. "Sasa nani kakosea?"

"Mama, hakuna upande uliokosea," Mwalimu akamwambia. "Kosa liko kwenye kona. Na kona hatukumpa mtu."

Nimesikiliza mahubiri ya makanisa mengi na mawaidha ya misikiti mingi, barabarani mtu husimama popote panapotolewa chai. Sijasikia neno lililowaingia watu kama lile. Tuligawa pande nne kwa vitongoji vinne, tukaona tumemaliza, na sehemu ambazo pande zinakutana hazikuwa kwenye mgawo wa mtu yeyote.

Halafu akawaonyesha jambo la pili, na hili ndilo lililookoa bweni. Mama Emiliana alikuwa ameshajiandaa kufukia mtaro wote wa Majengo na kuanza upya, na kwa sura yake asingeanza. Mwalimu akamwomba fundi arudishe lile umbo lililoinama, kisha alisimamishe tena, na watu watazame upande wa mbali tu. Wakatazama. Upande ule haukwenda mbele wala nyuma kwa kiasi cha kuonekana. Uliteleza juu ya mstari wake wenyewe, kama droo ndani ya meza. Akafafanua kwamba mteremko wake ni ule ule wa upande wa barabarani, kabla na baada, kwa hiyo mtaro wa Majengo unabaki pale pale: unaongezwa kidogo ncha moja, unafukiwa kidogo ncha nyingine, unasawazishwa ukingo, basi. Za kuchimbwa upya ni pande mbili fupi tu. Mama Emiliana akaomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa. Akaomba kipanya, akautelezesha mwenyewe mara kadhaa huku na huku, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mtoto akitembea hatua ya kwanza.

Zikabaki zile pande fupi, na wenyewe wakaanza kuinamisha macho, maana kurudia kazi peke yako huku mwenzako anakunywa togwa si jambo jepesi. Hapo Mwalimu akapendekeza mgawo ubadilike. Kazi isigawiwe tena kwa upande. Kila kitongoji kipewe kona, na nusu ya kila upande unaotoka kwenye kona hiyo, mpaka katikati watakapokutana na majirani zao. Mama Emiliana ndiye aliyejibu, akasema Majengo wanachagua kona mbaya kuliko zote, ile yenye kisiki cha mgunga, asije mtu akasema walibebwa na kompyuta.

Wakachimba. Siku ya kupima, hawakutaka mashine. Walitaka kamba. Fundi Chediel akasimama kona moja, Mama Emiliana kona ya kukabiliana nayo, wakaivuta kamba ikalia, wakatia fundo. Kisha wakabeba kamba ile ile mpaka kona mbili nyingine, watu wanafuata kimya kama nyuma ya jeneza. Walipoivuta fundo likaangukia juu ya kigingi. Halikupita, halikupungua. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka barabara kuu, na Mwalimu Yunisi, ambaye watu walidhani angeimba kuliko wote, aligeuka akaelekea darasani kwa sababu kengele ya kipindi chake ilikuwa imegongwa.

Mhandisi alikuja, akapima, akauliza nani alipiga skwea, yaani nani alizinyoosha kona zile. Wakamwambia vitongoji vya Majengo, Mlimani, Bwawani na Kanisani. Alidhani wanamtania. Paa likaja.

Tangu mwaka ule, katika kata hii, msingi wa zahanati na wa ofisi ya kijiji umegawiwa kwa kona. Ukimuuliza kijana kwa nini, atakuambia ndivyo tunavyofanya. Hajui kwamba kuna mwalimu nyuma yake, na Mwalimu Yunisi akisikia hivyo anafurahi kuliko angetajwa.

Yapo mengine mengi. Wapo madaktari, mafundi umeme, mapadri, wapima ardhi na askari waliopita mikononi mwake. Wapo walimu wawili wa hapa hapa, Mwalimu Benjamin na Mwalimu Scola, aliowafundisha kidato cha tatu na ambao sasa wanachukua chumba cha kompyuta. Mwalimu Benjamin bado anaivuta nukta kwa woga kama atavunja kitu. Yupo hata dereva mmoja mwenye umri mkubwa ambaye, kila akipakia mzigo sasa, hupima kona kwa kona kabla ya kuondoka, na tangu aanze hivyo hajamwaga gunia. Sitamtaja kwa sababu ya unyenyekevu wake.

Lakini nataka nimalizie Januari 2024, siku wasichana walipohamia bweni. Wageni walihutubia, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Mwalimu Yunisi aliombwa aseme machache, akatikisa kichwa. Aliingia ndani, nasi tukamfuata. Vitanda vya chuma vya ghorofa vilikuwa vimerundikwa katikati ya chumba bado. Akashika kimoja, akaniita nishike upande wa pili, tukakisukuma mpaka mwisho kabisa wa chumba. Kikaingia konani. Upande mmoja ukagusa ukuta, na mwisho wake nao ukagusa ukuta, bega kwa bega, kwa urefu wote. Akajaribu kupitisha mkono nyuma ya kitanda akitafuta upenyo. Hakukuwa na pa kupitisha hata kanga.

Akasimama pale, mkono umekaa pale chuma kinapogusa ukuta, na miwani imejaa ukungu.

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mgeni kabisa, Editha jina lake, alikuwa amesimama mlangoni na tranka kichwani akisubiri watu wazima wamalize mambo yao. Akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu. Hapo pana mtu?"

"Marahaba," Mwalimu akajibu, akautoa mkono wake. "Hapana mtu. Ni pako."

Editha akatua tranka lake juu ya kitanda, na Mwalimu akaenda kusukuma kitanda kingine.

Mwalimu Yunisi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, kamati ya shule, vitongoji vyote vinne na wasichana wanaolala leo ndani ya kuta zilizosimama wima, asante. Mungu akupe afya, vitunguu vya Mwankoko vikubali, kuku wako watage hata kama banda halina kona kamili, na Bwana Leonidas akuzoee upya sasa utakapokuwa nyumbani mchana. Gari nimeshaliosha. Twende taratibu, maisha yako yaliyobaki yawe mema na marefu.

Enock Msengi
Dereva, Sekondari ya Kilimakati